Viota vya vitwitwi Mtera: tunavihesabu au tunaviua?

Karani_wa_Mtera (Iringa)

Kamwene wakuu. Nina swali ambalo nimeshawauliza watu watatu na kila mmoja kanijibu la kwake, kwa hiyo nalileta hapa.

Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, ya kijiji kimoja kando ya bwawa la Mtera, upande wa Iringa, si mbali na Migoli. Kazi yangu hasa ni samaki: mizani, ushuru, nyavu za macho madogo, na ugomvi wa nani kafungua kamba ya mtumbwi wa nani. Ndege sikuwatafuta. Mwaka juzi alikuja kijana wa chuo, akakaa nasi wiki sita akifuatilia viota, na siku ya kuondoka akatuachia darubini, daftari moja na neno "endeleeni". Basi tukaendelea, mimi na vijana wawili. Huu ni msimu wa tatu.

Kwa wasiopajua: mtu akisikia Iringa anawaza baridi ya Mufindi na ulanzi. Huku Isimani ni jua na vumbi, na mwezi wa kumi ukivua ndala mchanga unakuchoma. Bwawa likijaa kabisa maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi 690 mitambo ya umeme inatakiwa kusimama. Mita nane na nusu kwa kwenda chini si nyingi, ila ufukwe wetu ni bapa kama sinia. Maji yakishuka kimo cha goti, unayafuata mamia ya hatua. Ardhi inayobaki wazi ndiyo malisho ya ng'ombe, ndiyo mashamba ya vitunguu, na ndipo ndege wanapotaga, juu ya tope lililokauka, wakati mwingine ndani ya alama ya kwato.

Tunafuatilia aina tatu. Kuna kitwitwi wa Kittlitz, mdogo kama ngumi ya mtoto, mayai mawili. Kuna yule mweusi, mweupe na kijivu anayelia ting, ting, ting kama mtu anagonga chuma. Vijana wangu wanamwita Fundi. Na kuna mwenye miguu mirefu ya rangi ya waridi, ambaye ukikaribia anapiga kelele mpaka ng'ombe wanageuka. Tunakwenda kwa mtumbwi wenye injini ndogo, Jumatano na Jumamosi, maana kwa miguu kuna sehemu juu pakavu na chini uji. Nilishaacha buti moja humo na bado limo.

Sasa shida. Msimu uliopita, ili tusipotee, kila kiota tulichokipata tulichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, hatua moja pembeni. Wiki ya pili nikaanza kukuta viota vitupu, kimoja baada ya kingine. Jumamosi moja nilimkuta kunguru, yule wa kifua cheupe, amekaa juu ya kijiti chetu ametulia kama karani anayesubiri wateja. Pale ndipo nilipoelewa tulikuwa tumemwandikia orodha ya chakula.

La pili linaniuma zaidi. Kila kiota kitupu nilikiandika "kimeliwa". Siku moja injini iligoma jirani na kiota nilichokuwa nimeshakifuta kwenye daftari siku tatu nyuma. Tumekaa kimya tunafungua plagi, kitwitwi akaja mbio, akasimama palepale, akachakura mchanga kwa miguu, na mayai mawili yakatokea chini yake. Kumbe alikuwa ameyafukia! Kila tulipofika na mngurumo wetu alikuwa anayafunika na kuondoka, na mimi naandika "kimeliwa". Nimefuta vingapi vilivyokuwa hai? Sijui, na daftari la mwaka jana siliamini tena.

Naomba wenye uzoefu mniambie: mtumbwi uende vipi ili tusiwafukuze, kiota niwekee alama gani, na nikikuta kitupu niandike nini?

---

Nahodha_wa_Matema (Kyela)

Katibu, salamu kutoka Ziwa Nyasa. Mimi mambo ya mayai sijui, mimi ni mtu wa boti, nitajibu la boti.

Injini izime mapema sana, mapema kuliko unavyodhani inatosha, halafu tumia upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Kasia linachapa maji na mkono unapanda na kushuka, ndege anauona. Upondo unakwenda chini taratibu. Tena usielekeze pua ya mtumbwi kwenye kiota. Pita sambamba na ufukwe kama mtu mwenye safari zake. Huku kwetu hata yangeyange anakuacha upite hatua chache tu kama humwangalii, ila ukigeuza pua kumwelekea, huyo kaondoka. Na asisimame mtu ndani ya mtumbwi. Anayeshika darubini akae chini.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni wimbi la boti lenyewe. Mngurumo unapita, lakini mkia wa maji unafika ufukweni dakika moja baadaye ukiwa umeshasahau. Kama kiota kipo kiganja kimoja tu juu ya maji, wewe ndiye mafuriko. Punguza mwendo hata ukiwa mbali.

Halafu, samahani kwa kuuliza, mnaparua samaki humohumo mtumbwini na kutupa matumbo pembeni? Kama ndiyo, acheni siku za ndege. Kunguru anaujua mtumbwi unaodondosha matumbo, ataufuata kutoka kambini hadi kwenye kiota bila kuhitaji kijiti chochote.

Saa ya kwenda: huku Nyasa upepo wa kusi kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane unatulazimisha tutoke kabla ya alfajiri. Kwenu nasikia viboko ni wengi. Alfajiri kiboko anarudi majini kutoka malishoni, na wewe ukiwa katikati yake na maji huna cha kumweleza. Subiri jua lichomoze vizuri. Na vaeni majaketi okozi, hata kama maji yanaishia kiunoni. Visiki vya Mtera navisikia tangu utotoni.

---

Karani_wa_Mtera

Nahodha, ndaga fijo. La matumbo umenikamata. Tunaparua, ndiyo, tena kijana wangu mmoja anawarushia kunguru kwa makusudi, anasema wanamchekesha. Visiki usiseme: miti iliyozama bwawa lilipojaa bado imesimama, mingine kichwa kiko chini ya maji kiganja kimoja. Mwaka huu pekee tumeshabadilisha pini ya pangaboi mara nne.

---

Jembe_Halidanganyi

Yaani watu wazima mnakaa mnahesabu mayai ya ndege asiyejaza hata kikaango. Kesho mtatuambia tusilime kando ya bwawa kwa sababu kitwitwi kataga. Tunazijua hizi habari, zinaanza na darubini zinaishia na mabango.

---

Karani_wa_Mtera

Mzee, shikamoo. Sina bango, nina daftari la kurasa 96 na limeshaloa. Mimi mwenyewe nina matuta mawili ya vitunguu hukohuko. Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu alimkuta Fundi ameatamia katikati ya tuta lake. Akapalilia akimzunguka, akaacha duara la magugu kama meza, mpaka wakaangua. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alisema tu, "Ananipigia kelele kila nikiinama, nimemzoea."

---

Mwana_Kilwa (Mbeya mjini)

Kaka karani, habari za huko. Niko Mbeya mwaka wa saba sasa, lakini nimezaliwa Kilwa na nimewahi kufuatana na timu za kuhesabu ndege kwenye delta ya Rufiji, kwa hiyo nitakupa ya pwani. Uchukue linalokufaa.

Kwanza, pwani kazi ni mbili na watu wanazichanganya. Wale vitwitwi na sululu wengi unaowaona kwenye matope ya delta ni wageni. Wanaanza kuingia mwezi wa nane, wa tisa, na ikifika mwezi wa nne wengi wameshaondoka kwenda kutaga kaskazini kabisa mwa dunia. Hata yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayejaa Rufiji na Mafia, hatagi kwetu. Anachimba mashimo ya kutagia kwenye fukwe za Uarabuni. Hao huhesabiwa maji yakijaa, maana maji yanawasukuma wote wasimame pamoja kwenye fungu moja la mchanga, nawe unawahesabu kutoka kwenye mashua bila kushuka. Viota ni kazi nyingine kabisa. Kuna kitwitwi mdogo wa mchangani mwenye paji jeupe ambaye anataga kwetu pwani, naye pia hufukia mayai kama huyo wako. Huyo huwezi kumpata kwa kuhesabu kundi, unamfuata mmojammoja.

Pili, maji. Pwani tunapanga kila kitu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda juu sana na kupwa mbali sana. Katikati yake ni maji mafu. Ndege akichagua mahali wakati wa maji mafu akadhani pakavu, bamvua inamkuta ndani ya wiki moja. Sisi tulikuwa tunatafuta mstari wa takataka za bamvua iliyopita, majani na vijiti vilivyoachwa na maji, halafu tunaandika kila kiota kipo juu au chini ya mstari ule. Ukijua hilo unaweza kutabiri vipi vitaondoka, na kikiondoka huandiki "kimeliwa", unaandika "maji".

Na usiende na maji ya kupwa! Tuliwahi kukwama juu ya fungu saa tano nzima, mashua imelala ubavu, na ndege mwenye kiota anazunguka juu yetu anashindwa kutua. Hatukuwa na la kufanya ila kujifunika khanga na kumwomba radhi.

Kwenu hakuna bamvua, na hapo ndipo nakuonea huruma. Pwani maji yakipanda yatarudi baada ya saa sita. Kwenu mvua zikishaanza yanapanda mpaka mwezi wa nne, na kiota cha mwisho wa msimu kimekwisha. Chomeka kijiti chenye alama za sentimita ukingoni mwa maji, mbali na viota, ukisome kila ukipita. Kwa ufukwe bapa kama huo, sentimita tano tu zitakuonyesha nani yuko hatarini Jumamosi.

---

Mayai_Mawili

Shikamoo katibu. Nimefanya kazi ya viota vya ndege wa ufukweni kwa misimu kadhaa. Nitajibu la daftari, kwa sababu ndilo lililokuuma.

Kiota kitupu kina maelezo angalau manne. Mayai yamefukiwa, kama ulivyoona. Yameliwa. Yamesombwa au kukanyagwa. Au yameanguliwa, na hili watu hulisahau. Vifaranga wa ndege hawa hawakai kiotani kama wa njiwa. Manyoya yakishakauka wanatembea, na kwa kawaida ndani ya siku moja wameshaondoka. Kwa hiyo kiota kilichofanikiwa kabisa nacho utakikuta kitupu.

Utatofautisha kwa kuangalia chini ya vile vijiwe na vipande vya tope vilivyomo kiotani. Kikiangua, mara nyingi utakuta chembe ndogo sana za ganda, ndogo kama punje ya chumvi, kwa sababu kifaranga anapasua kidogokidogo kutoka ndani. Vipande vikubwa wazazi huvibeba kwenda kuvitupa mbali. Ukikuta ganda kubwa lililotobolewa, au ute umegandisha mchanga, hapo kuna mlaji. Kenge na nyoka hawaachi chochote, wanameza zima. Tazama nyayo, tazama kwato. Mzazi naye anakupa habari. Anayejiburuta kwa bawa kama limevunjika, akikuvuta uende upande mwingine, bado ana kitu cha kulinda. Aliyesimama anakula minyoo kwa raha zake, yaelekea hana.

Na kama baada ya hayo yote hujui, andika "haijulikani". Si aibu. Daftari lisilo na "haijulikani" hata moja mimi nalitilia shaka.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme umepata viota 30, 18 vikaangua, 12 vikapotea. Utawaambia watu asilimia 60 vimefanikiwa. Si kweli, kwa sababu viota vilivyoliwa siku ya kwanza au ya pili hukuwahi kuviona. Ulivyovipata ni vile vilivyokuwa vimeshaokoka siku kadhaa. Mmarekani Harold Mayfield alionyesha mwaka 1961 namna ya kukwepa mtego huu: usihesabu viota, hesabu siku. Jumlisha siku zote ambazo kila kiota kilikuwa hai mbele ya macho yako. Tuseme jumla ni 300. Vilivyopotea 12, gawa kwa 300, unapata 0.04. Maana yake kila siku kiota kina nafasi 0.96 ya kuiona kesho. Kuatamia ni kama siku 25 kwa huyo mdogo, zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 25, utapata karibu 0.36. Asilimia 36, si 60. Kikipotea kati ya Jumatano na Jumamosi, chukulia kilipotea katikati. Na kile cha "haijulikani", zile siku ulizokiona kikiwa hai zihesabu, mwisho wake usiuhesabu. Kwa hiyo hata daftari lako la mwaka jana usilitupe. Rudi ubadilishe "kimeliwa" kiwe "haijulikani" popote ambapo hukuona ushahidi, siku zake bado ni mali.

Alama: vijiti vya kitambaa achana navyo. Una miti mikavu imesimama majini kote, itumie. Andika "kisiki chenye pembe mbili kikikaa sawa na mlima wenye nundu, hatua 12 kutoka majini", pamoja na GPS ya simu. Simu inaweza kukosea mita kadhaa, kisiki hakikosei. Ukilazimika kuweka kitu, chukua kinyesi kikavu cha ng'ombe ukiweke hatua kumi kutoka kiotani, upande uleule kwa viota vyote. Kunguru hatakipa maana yoyote. Ukishuka, usitembee hadi kiotani na kurudi kwa njia ileile, maana unamchorea mlaji mshale. Pita pembeni kama unaendelea na safari, tazama ukitembea, tokea mbele.

Muda: usishuke kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Kwa joto ulilolieleza, mchana mzazi hakai pale kuyapasha mayai, anayakinga jua, na ukimwondoa kwa dakika nyingi yanaiva humohumo.

Mwisho, kuna njia ya kujua umri wa yai kwa kulitumbukiza majini: bichi hulala chini, lililoatamiwa siku kadhaa husimama, lililokaribia huelea. Nakutajia ili ukiambiwa usije ukaijaribu hivihivi. Kushika mayai ya ndege pori kunahitaji kibali. Anza na afisa wanyamapori wa wilaya, naye atakuelekeza TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kama mnataka kuifanya utafiti. Kwa swali lako, darubini inatosha.

---

Karani_wa_Mtera

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya vijana. Asanteni sana. Naleta majibu ya Jumamosi hii na Jumatano iliyofuata.

Vijiti vyote tumeng'oa. Kitambaa kimemfaa kijana mmoja kufungia tanki la mafuta. Injini tulizima mbali sana, mpaka vijana wakalalamika kuwa upondo ni kazi ya babu zao. Tulipofika, kitwitwi wa kwanza hakuondoka kabisa. Misimu mitatu sijawahi kumwona akiwa ameatamia, siku zote namwona mgongo akikimbia. Kumbe akikaa anageuza kichwa kidogokidogo kukufuata, kama bibi mlangoni.

Hesabu ya mwaka jana nimeanza kuirudia. Nilikuwa nimeandika "kimeliwa" mara 22. Ambavyo nina ushahidi wowote, ganda lililotobolewa au kunguru mwenyewe, ni 7. Vingine viwili ni kwato. Vilivyobaki vyote vimekwenda "haijulikani". Mwenyekiti alichungulia akauliza kwa nini ukurasa mzima umejaa "sijui" wakati kijiji kinatoa mafuta ya injini. Nilimwonyesha kiota cha kinyesi namba nne, ambacho mwaka jana ningekifuta: tulikuta kitupu Jumamosi, tukapita bila kusimama, Jumatano ndege yuko juu yake na yai moja linaonekana ubavuni. Akanyamaza. Bado hajasaini mafuta ya mwezi ujao, lakini ameomba ashike darubini.

Kinyesi kina shida moja ambayo Mayai_Mawili hukuitaja: mama wa jirani hukikusanya kwa ajili ya shamba. Namba mbili na namba tano vimeshaingia kwenye vitunguu.

Mwana_Kilwa, kijiti cha maji nimechomeka Jumamosi, Jumatano maji yalikuwa yameshuka sentimita tatu, kwa hiyo kwa sasa tuko salama. Lakini namba nilizoandika kwa kalamu ya kuandikia nailoni zimefutika zote. Huko pwani mlikuwa mnatumia rangi gani?

---

Mwana_Kilwa

Kaka, tulikuwa hatupaki. Chonga kwa kisu, mkato mrefu kila sentimita kumi na mfupi kila tano, utasoma hata kwa kidole kukiwa na giza.

---

Jembe_Halidanganyi

Huyo wa ting ting ndiye ananipigia kelele shambani kila asubuhi? Kwangu wako wawili, karibu na mfereji. Mayai sijayaona. Mkipita Jumamosi njooni kwa miguu, mtumbwi utaniharibia mche.